Wajuzi wa mimea njooni: kichaka hiki cha juu ya kichuguu huku Magu ni mswaki au ni mti wa sumu?

#1 Ngosha wa Ghubani (mleta uzi)

Ng'wadila bose. Wakuu, naomba msaada, tena wa haraka kidogo, maana fundi wa msingi anaanza kazi karibuni na mimi sijaamua.

Nina kiwanja upande wa Magu, kule bondeni unakoshuka kuelekea Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Pembeni mwa kiwanja kuna kichuguu kikubwa cha zamani, na juu yake kimekaa kichaka kimoja kipana balaa. Kwa urefu hakitishi, mtu mrefu akinyoosha mkono anakaribia kileleni, ila kimefunika kichuguu chote. Matawi yanaanguka mpaka yanagusa chini. Mbuzi wa jirani wakiingia humo mchana kulala huwaoni tena. Na hata Agosti, pande zote zikiwa vumbi tupu, chenyewe ni kijani.

Tatizo ni hili. Mzee mmoja aliyehamia hapa kutoka Meatu alipita akasema huo ni mswaki, ule wenyewe, ole wako uukate. Akavunja kijiti akaanza kutafuna palepale. Jirani wa upande wa pili naye anasema mzee anazeeka vibaya, huo ni mti wa sumu ya mishale, na anaapa kabisa. Kinachomtisha ni matunda: madogo, yakiiva yanakuwa mekundu halafu zambarau, na watoto wa pale wanayala njiani wakitoka shule.

Mzee ni mzima mpaka leo, lakini hilo peke yake halinipi usingizi.

Picha hazieleweki, kioo cha kamera ya simu kimepasuka, kila kitu kinatoka na ukungu. Niulizeni, nitajibu kwa maneno.

#2 Kambi ya Kisesa

Uzi wa kutambua mti bila picha ya mti. Haya. Ngoja waje wajuzi, mimi nimeshatandika mkeka.

#3 Mama Kulwa

Kabla ya yote, hao watoto waambiwe waache kwanza mpaka ijulikane. Mimi ni muuguzi. Mtoto aliyekula tunda la porini mkamleta anatapika, swali letu la kwanza ni "amekula nini?" na jibu huwa "tunda la porini". Halitusaidii. Likitokea, bebeni tawi lenye majani na matunda mje nalo, hata kama mnadhani mnalijua jina.

#4 Chinga wa Makoroboi

Mkuu, mimi miswaki ndiyo inanilisha. Nauza Makoroboi, na Ijumaa nahamia karibu na misikiti. Ninachouza ni mizizi ya mswaki, mzigo unatoka Singida. Huo ni mti wa jangwani, unataka ukame, joto na ardhi ya kufa mtu. Wewe uko ziwani, unasikia mitumbwi ikipiga injini. Mswaki utafuata nini huko? Mzee katafuna kijiti tu. Hata mwarobaini watu wanatafuna, hata mdaa. Nampa pointi jirani.

#5 Bwana Miti Mstaafu

Mleta uzi, usikate, na wewe usitafune bado.

Nimefanya kazi ya misitu upande wa Shinyanga, Kishapu na Meatu, kwenye ngitili za watu (yale malisho yanayofungwa yapumzike), na nimewaona wengi wakikosea kwa sababu moja: wanakimbilia tunda. Rangi ya tunda ni ushahidi dhaifu. Vichaka vya nchi kavu vyenye tunda la zambarau ni vingi, vingine vinaliwa na vingine vinaua. Hata mbuzi si kipimo, mbuzi anakula vitu ambavyo wewe ukivila tunakuzika.

Anza na jani. Tena usianze na umbo lake, anza na mahali lilipokaa. Shika tawi changa, tazama kifundo ambapo jani linaota. Je, majani mawili yanaota kifundo kimoja, moja huku na lenzake upande wa pili, yanatazamana? Au yanapishana, moja hapa, jingine juu yake upande mwingine? Usiangalie tawi moja, angalia kama matano ya sehemu tofauti, maana mbuzi wakishang'oa majani utadanganyika.

Kisha chukua wembe, kata kikonyo cha jani na ukwangue gome la tawi bichi. Subiri kidogo. Je, kunatoka utomvu mweupe kama maziwa, au hamna kitu? Hapo fanya kwa uangalifu. Nyie wa Usukuma mnaijua minyaa ya uzioni, mnajua utomvu ukiingia jichoni unavyofanya. Usijipanguse uso, nawa mikono na wembe.

Halafu miiba. Kwenye kwapa la jani, palepale jani linapokutana na tawi, kuna mwiba? Umenyooka au umepinda kama ndoano? Mmoja au miwili?

Mwisho ponda jani mkononi, hesabu mpaka kumi, ndipo unuse. Usinuse mara moja.

Ukinipa hayo manne nitakuwa nimeshapunguza orodha sana. Na udongo, usisahau kuniambia udongo ukoje.

#6 Kambi ya Kisesa

Huu sasa ndio uzi. Nimeongeza mto kwenye mkeka.

#7 Ngosha wa Ghubani

Nimetoka huko sasa hivi, na wembe nimeunawa.

Majani yanatazamana. Nimezunguka kichaka chote, kila kifundo majani mawili. Jani ni nene kiasi, lina maji, ukilikunja linakatika "tak" halikunjiki. Umbo la yai refu, kubwa kabisa halifiki urefu wa kidole changu cha kati. Kijani chake kimefifia, juu na chini rangi ni karibu ileile. Ukingo ni laini, hauna meno.

Utomvu mweupe hamna. Nimekata vikonyo, nimekwangua gome, nimesubiri. Unatoka unyevu tu kama maji.

Miiba hamna hata mmoja, na nimetafuta kwa kidole.

Harufu: mwanzoni ni majani tu. Nilipokuwa nataka kutupa ndipo pua ikashtuka. Kuna ukali fulani unapanda, si mbaya, unachoma kidogo. Sijui niufananishe na nini.

Vijiti vichanga ni vyeupe-vyeupe, shina la chini limepindapinda, gome la kijivu lina mipasuko. Tunda ni dogo, limezidi kidogo punje ya pilipili manga, ndani mbegu moja. Yamekaa kwenye vishada vilivyolegea nchani mwa matawi, na kwenye kishada kimoja utakuta ya kijani, ya waridi na ya zambarau.

Udongo pembeni ni wa kijivu, mgumu, mvua ikinyesha maji yanasimama juu. Udongo wa kichuguu chenyewe ni tofauti.

#8 Bwana Miti Mstaafu

Umefanya kazi nzuri kuliko vijana wengi niliowahi kuwapeleka porini.

Tumsikilize kwanza jirani, maana hofu yake ina msingi. Mti wa sumu ya mishale anaousema ni msunguti, jenasi ya Acokanthera. Nao majani yake yanatazamana, nao ni kijani mwaka mzima, nao hauna miiba, na tunda lake likiiva ni zambarau. Kwa hiyo mtu akisimama mbali akakuambia "msunguti" hajasema upuuzi. Sumu yake inapiga moyo, na wawindaji wa Afrika Mashariki waliichemsha kutoka kwenye magome, mbao na mizizi wakapaka mishale. Ila kata jani la msunguti, linatoa maziwa. Jani lake ni gumu kama ngozi, lina ncha kali, halina maji ya kukatika "tak". Maua yake ni meupe yenye waridi, yana mrija, yananukia utamu. Tunda ni kubwa, karibu sentimeta mbili. Na makazi yake ni miteremko ya mawe na kingo za misitu mikavu, si bonde tambarare la mfinyanzi. Tofauti zote hizo, na ya utomvu peke yake ingenitosha.

Wa pili ni mtandamboo, mnisamehe, jina sikulitunga mimi. Majani yanatazamana, tunda la zambarau-nyeusi linaliwa, watoto wa Usukuma wote wamelila. Lakini una miiba mirefu na una maziwa. Umetoka.

Wa tatu ni jamii ya Capparis, vile vichaka vinavyoparamia vichuguu huku ukanda wa ziwa. Capparis tomentosa nimeuona mara nyingi juu ya vichuguu na una sumu. Huo majani yanapishana, yana manyoya laini, na chini ya kila jani kuna vimiiba viwili vilivyopinda vinavyoshika nguo. Tunda ni duara kubwa la rangi ya chungwa. Ndugu zake wa jenasi za Maerua, Boscia na Cadaba nao majani hayakai mawili mawili yakitazamana. Kwa hiyo kifundo kimoja tu ulichokitazama kimefuta ukoo mzima.

Anabaki nani mwenye majani yanayotazamana, manene, yasiyo na maziwa, yenye harufu ya kuchoma? Ukoo wa Salvadoraceae, ukoo mdogo sana. Huku kwetu wako watatu wa kuangalia. Azima tetracantha huota maeneo haya haya, ila jani lake lina ncha inayochoma, kwapani mna miiba iliyonyooka kama sindano, na tunda lake ni jeupe. Dobera huwa mti, jani gumu, tunda kubwa zaidi. Na wa tatu ni Salvadora persica, mswaki wa mzee wako.

Ningekuwa hapo ningesema bila kusita. Kwa kuwa siko, nataka uone maua kwanza.

#9 Chinga wa Makoroboi

Mkuu Bwana Miti, heshima yako. Lakini hujajibu la kwangu. Mti wa jangwani unafanya nini ziwani? Mwanza tunanyeshewa mpaka mitaro inafurika. Majani sawa, makazi je?

#10 Bwana Miti Mstaafu

Swali zuri, na wengi wanaona hivyo kwa sababu ya neno jangwa.

Mswaki unapatikana tangu Mauritania na ukanda wa Saheli, Pembe ya Afrika, Uarabuni, hadi India, na kusini unashuka mpaka Namibia. Ni nchi za jua kali kweli. Lakini ukienda huko ukautafuta katikati ya changarawe kavu utarudi mikono mitupu. Utaukuta kando ya mito ya msimu, kwenye mabonde yanayofurika mara moja kwa mwaka, pembeni mwa visima, juu ya vilima vya mchanga vyenye maji chini, na juu ya vichuguu. Nenda Turkana, kichaka kinene kuliko vyote kando ya mto Turkwel ni huo, na Waturkana wanakula matunda yake. Mizizi iko kwenye maji hata kama juu ni jehanamu.

Kinachousaidia kukaa huko ni uvumilivu wa chumvi na magadi. Penye udongo ambao mimea mingine inaungua mizizi, wenyewe unastawi bila mshindani. Sasa hapa ziwani, kwenye udongo mzuri wenye rutuba, haupo kwa sababu unazidiwa na wengine, si kwa sababu mvua itauua. Unavumilia mvua hadi karibu milimita 1,000 kwa mwaka, na Mwanza ni hapohapo. Urefu toka usawa wa bahari nao si kikwazo: ziwa liko kama mita 1,134, mswaki hufika mita 1,500 na zaidi.

Kwa hiyo swali si mvua inanyesha kiasi gani Magu. Swali ni udongo wa chini ya kile kichuguu una nini.

#11 Dada wa Misungwi

Hapo kwenye udongo mniachie mimi, nimesomea na nimelima.

Msukuma wa zamani hakuhitaji maabara. Ukisimama juu ya kilima cha mawe ukashuka mpaka mbugani, udongo unabadilika kwa zamu, na kila zamu ina jina. Juu penye mawe ni luguru. Chini yake mchanga wa luseni, mnapolimwa mihogo na karanga. Ukishuka zaidi unafika itogolo na ibambasi, halafu mbuga nyeusi yenyewe. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha Amani kule Tanga, aliueleza mpangilio wa namna hii wa Afrika Mashariki akauita katena, na dunia nzima ikalichukua neno hilo. Wazee walikuwa wanaupangia mashamba tangu zamani.

Alichokieleza mleta uzi, kijivu, mgumu, maji yanasimama, hiyo ni ibambasi. Ziwa ni maji baridi, ndiyo, lakini chumvi ya udongo huu haitoki ziwani. Inashuka na maji kutoka vilimani kidogo kidogo, inafika bondeni ambapo maji hayana pa kutokea, jua linayakausha, sodiamu inabaki. Miaka na miaka. Sodiamu ikizidi, mfinyanzi unajifunga, maji hayazami. Ndiyo maana majaluba ya mpunga yanashika maji huko chini bila hata kusakafia.

Kichuguu nacho ni habari nyingine. Mchwa wanapandisha udongo wa chini, mara nyingi na chokaa ndani. Kinapata mwinuko, mizizi haizami kwenye maji yaliyosimama, lakini inashuka mpaka kwenye unyevu.

Ngosha, chonga kipande cha kichuguu chini kabisa, tafuta vijiwe vyeupe vidogo. Kamulia ndimu. Ikitoa povu, ni chokaa.

#12 Mwanasheria wa Barazani

Naingilia kidogo. Kiwanja kiko mbali gani na ziwa? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Usijadili mti halafu nyumba yenyewe ikawekewa alama ya X.

#13 Ngosha wa Ghubani

Mwanasheria, asante, niko mbali sana na hizo mita 60. Tangu kiwanjani mpaka majini ni kama kilometa moja na nusu, na hati ninayo. Hata mwaka 2020 ziwa lilipojaa mpaka watu wa ufukweni wakahama, huku halikufika.

Dada wa Misungwi, ndimu imetoa povu! Vijiwe vya chini vinachemka kama soda, udongo wa pembeni hautoi kitu. Na kuna sehemu karibu na kichuguu ina ukoko mweupe kiangazi, ng'ombe wanaulamba. Nilikuwa nadhani watu wamemwaga majivu.

Bwana Miti, maua nimeyaona. Madogo mno, ilibidi nichuchumae. Kijani-njano iliyopauka, petali nne, yamekaa kwenye vishada vinavyoning'inia. Hayana mrija wala harufu ya utamu. Nzi na nyuki wadogo wamejaa. Na kuna vipepeo vyeupe vinavyozungukazunguka pale tu, haviendi kwenye minyaa wala kwenye mkungugu.

#14 Mfamasia wa Nyegezi

Naomba niongeze kipimo kimoja ambacho kila mtu anaweza kufanya jikoni, maana mleta uzi alikosa cha kufananisha ile harufu.

Kata papai. Chukua mbegu mbichi moja, itafune, subiri. Ule ukali unaopanda puani ndio unaotafuta kwenye mzizi wa mswaki, karibu bila tofauti. Si bahati mbaya. Mbegu za papai na mizizi ya mswaki zote zinatoa kemikali ileile, benzili isothiosianeti. Ndani ya mmea hai haipo tayari. Imehifadhiwa imefungwa na sukari, na kimeng'enya cha kuifungua kimewekwa chumba kingine. Ukiponda, vinakutana, ndipo ukali unazaliwa. Hiyo ndiyo sababu Bwana Miti alisema hesabu mpaka kumi.

Papai, mswaki, mlonge, kabichi, haradali na mgagani, wanabotania wameviweka kwenye oda moja, yaani kundi la koo zenye undugu, Brassicales. Mliowahi kuonja mzizi wa mlonge mnajua. Msunguti hauko humo, uko upande wa mwoleanda na waridi la jangwani, wenye maziwa na sumu za moyo.

Ila harufu ithibitishe, isiamue peke yake. Na kuonja kunakuja mwisho kabisa, baada ya utomvu kuangaliwa. Sitaki kusikia mtu kaanza na ulimi.

#15 Bwana Miti Mstaafu

Mfamasia kanena. Na niongezee, harufu hiyo haiutenganishi mswaki na Azima, maana ni ukoo mmoja. Pale ni mwiba unaoamua.

Hao vipepeo wamenifurahisha. Wapo weupe wa jenasi ya Colotis ambao viwavi vyao hula Salvadora na jamii ya Capparis, wamezoea huo ukali unaowafukuza wadudu wengine. Aina yao siwezi kuitaja nikiwa kibarazani kwangu, lakini kuzunguka pale tu kunaeleweka.

Basi. Majani yanayotazamana na yenye maji, hakuna maziwa, hakuna mwiba, ua dogo lenye petali nne, tunda dogo lenye mbegu moja linalopita waridi kwenda zambarau, ukali wa papai, kichuguu chenye chokaa katikati ya ibambasi. Hicho ni Salvadora persica. Mzee wa Meatu yuko sawa. Mpe kiti akija.

#16 Mama Kulwa

Na watoto?

#17 Bwana Miti Mstaafu

Tunda la mswaki linaliwa, tamu lenye kupilipili kidogo. Ila, mama, tatizo lako linabaki. Mtoto aliyezoea zambarau ya hapa akienda vilimani akakutana na zambarau ya msunguti hatauliza. Wafundishwe kukata jani na kutazama maziwa kabla ya kuchuma. Wanaelewa haraka kuliko wakubwa.

#18 Mama Kulwa

Hilo nalichukua mpaka shuleni.

#19 Chinga wa Makoroboi

Wakuu, mimi nilichokuwa nataka ni makazi yaelezwe, yameelezwa. Sasa tuongee biashara. Ngosha, mzizi wa hapo unauzaje? Kutoa mzigo Singida mpaka Mwanza nauli inanimaliza.

#20 Ngosha wa Ghubani

Hahaha, jana ulikuwa unampa pointi jirani.

Jirani mwenyewe nilimwita, tukakata jani la mswaki mbele yake, kavu. Halafu kijana wake akatuletea tawi la kichaka kingine kutoka kule kilimani kwenye mawe, tukalikata, maziwa yakachuruzika mpaka kwenye wembe. Akanyamaza kidogo, akasema "huo ndio ninaousema mimi". Kumbe mti anaujua vizuri, ila alikuwa anautazama huu kutoka barabarani.

Bwana Miti, swali la mwisho. Fundi anasema kichuguu kiondolewe chote, mizizi itapasua msingi. Kweli?

#21 Bwana Miti Mstaafu

Fundi asichimbe kitu. Mizizi ya mswaki inasambaa, kwa hiyo sogeza nyumba, usiweke msingi kwenye kivuli chake wala karibu na kingo za kichuguu. Na kabla hujajenga popote hapo, toboa kichuguu ujue mchwa wapo au walishahama. Kama wapo, hilo ni tatizo la mbao za paa lako, halihusiani na mti. Kwa ile ibambasi yako ningekuwa na wasiwasi zaidi na maji yanayosimama kuliko na mizizi. Inua msingi, weka mifereji.

Chinga, mzizi unaweza kupatikana bila kuua mti. Fukua pembeni, mbali na shina, chukua mizizi ya pembeni ya unene wa kidole gumba, mmoja mmoja pande tofauti, halafu fukia. Usiguse mzizi mkuu. Uache upumzike kabla hujarudia. Wanaong'oa shina zima ndio wanaokufanya uende mpaka Singida.

Mkitaka kupanda, chukua matunda yaliyoiva kabisa, osheni nyama yote itoke, maana nyama ya tunda inazuia mbegu kuota. Pandeni mbegu zikiwa mpya.

Na Ngosha, nifanyie jambo moja. Kata tawi lenye majani, maua na matunda pamoja, urefu wa kama gazeti. Lilaze kati ya magazeti, weka matofali juu, badilisha gazeti kila siku mpaka likauke. Andika kwenye karatasi: mahali, tarehe, urefu wa kichaka, udongo, rangi ya maua na ya matunda, maana vikikauka rangi inapotea. Kuna hifadhi ya taifa ya sampuli za mimea Arusha, nitakuelekeza namna ya kuifikisha. Vichaka vya mabonde ya Magu si watu wengi wanaovichuma.

#22 Dada wa Misungwi

Na jina la udongo aliandike kwa Kisukuma pia. Ibambasi. Mtaalamu yeyote wa kanda hii ataelewa bila kupima.

#23 Kambi ya Kisesa

Mimi nataka mbegu. Nina kipande Kisesa hata mchicha unakataa, ukoko mweupe mtupu.

#24 Ngosha wa Ghubani

Njoo na ndoo yako. Mzee anasema matunda ya upande wa jua yameiva, ila uwahi, ndege wanaanza alfajiri. Chinga, wewe njoo na jembe dogo, mizizi miwili tu kwa leo, na mzee ndiye atakayekuonyesha pa kufukua. Fundi nimemwambia asogeze kamba mita nane upande wa barabara, kanuna, ila kasogeza.